Risasi nzito kwa wanyama wakubwa: Jinsi zinavyochaguliwa na funzo lililobaki Makueni

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI atokaye Nairobi kuelekea Mombasa, akishapita Malili, hufika Salama, mji mdogo wa madereva wa malori, wauza matunda na mikahawa isiyolala. Ni wachache kati ya wanaoshuka hapo kunywa chai wanaokumbuka kuwa ardhi iliyo pande zote za barabara hii iliwahi kuwa miongoni mwa maeneo mashuhuri zaidi ya uwindaji duniani.

Upande wa juu kuna nyanda za Kapiti na vilima vya Ulu, ambako aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alianzia safari yake ya uwindaji Aprili 1909. Upande wa chini, mbele ya Sultan Hamud na Emali, kuna Kiboko, alikojenga hoteli yake mwindaji John Alexander Hunter. Mbele zaidi ni Tsavo, ambako simba wawili walisimamisha ujenzi wa reli mnamo 1898.

Katika visa vyote hivyo swali lilikuwa moja: risasi gani inaweza kumwangusha mnyama mkubwa papo hapo, bila kumwacha akiwa amejeruhiwa vichakani? Jibu lake si jambo la wawindaji peke yao. Mbogo aliyejeruhiwa na kutoroka hamngojei aliyempiga. Humngojea mama anayeokota kuni, au mtoto anayechunga mbuzi.

Makala hii inaeleza jinsi risasi za bunduki kubwa zinavyochaguliwa, maana ya kujaza risasi kwa mkono, na makosa ambayo yamegharimu maisha.

SHERIA KWANZA

Nchini Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya vipusa, ngozi na nyara nyingine za wanyamapori ikafungwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ilithibitisha marufuku hiyo, ikaharamisha pia uwindaji wa kitoweo, na kuweka adhabu ambazo kwa wanyama walio hatarini kutoweka zinaweza kufika kifungo cha maisha.

Aidha, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu yeyote kumiliki bunduki au risasi bila cheti. Kwa hivyo anayedhani anaweza kujaza risasi jikoni kwake hapa nchini ajue kuwa anajitafutia jela. Ndiyo sababu makala hii haitoi vipimo vya baruti.

Hali ni tofauti ng'ambo ya mpaka. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka wa 1973, ikaufungua tena 1978, na hadi leo huuendesha kwa leseni na vitalu chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Wawindaji wengi wa kulipwa waliopoteza kazi Kenya mwaka wa 1977 walihamia huko na kwingineko kusini mwa Afrika, wakiwa na ujuzi walioupata katika nyika za Ukambani.

Hata Kenya penyewe, maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hulazimika mara kwa mara kumkabili mnyama aliyeua watu. Ujuzi wa risasi nzito, kwa hivyo, haujapitwa na wakati.

MAKUENI, 1944 HADI 1946

Kati ya 1944 na 1946 serikali ya kikoloni ilitaka kufungua sehemu ya Makueni kwa makazi ya Wakamba waliobanwa na uhaba wa ardhi na mmomonyoko wa udongo vilimani. Eneo lenyewe lilikuwa pori la miiba lenye mbung'o na vifaru weusi. Idara ya Wanyamapori ikampa Hunter kazi ya kuwaondoa vifaru hao kwa bunduki.

Katika muda wa miaka miwili hivi, takriban vifaru 1,000 waliuawa. Kwa macho ya leo hilo ni jambo la kuhuzunisha. Mwaka wa 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ujangili ulikuwa umewapunguza hadi chini ya 400. Hifadhi maalumu ya Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, ilianzishwa 1986 ili kuwanusuru waliosalia. Kwa mkazi wa Salama anayetaka kumwona kifaru, huko ni miongoni mwa mahali pa karibu zaidi.

Lakini kazi ile ya Makueni ilifunza jambo moja kuhusu silaha. Katika pori zito, kifaru huonekana akiwa hatua chache tu, mara nyingi akiwa tayari anakuja mbio. Hakuna nafasi ya kupima upepo wala ya risasi ya tatu. Risasi ya kwanza ama hupenya mfupa na kufika ubongoni au moyoni, ama haifiki. Yote yanayofuata katika makala hii yanatokana na ukweli huo.

MANENO YA KUFAHAMU

Risasi nzima ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, ambalo hutengenezwa kwa shaba ya manjano. Ya pili ni fataki iliyo kitakoni mwa ganda, ambayo hulipuka inapogongwa na kidude cha bunduki. Ya tatu ni baruti. Ya nne ni kichwa cha risasi, yaani kipande kinachotoka mtutuni na kumfikia mnyama. Katika makala hii tutatumia neno 'risasi' kwa kitu kizima, na 'kichwa cha risasi' kwa kile kinachoruka.

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu au wa kichwa cha risasi. Waingereza na Wamarekani huutaja kwa sehemu ya inchi. Kaliba .375, kwa mfano, ni karibu milimita 9.5, na .458 ni milimita 11.6.

Uzito wa kichwa hupimwa kwa greini. Greini 7,000 ni ratili moja, na greini 100 ni karibu gramu 6.5. Kichwa cha greini 500, ambacho ni cha kawaida kwa bunduki kubwa, kina uzito wa gramu 32.4. Bunduki za kaliba kubwa kwa kawaida ni zile za .375 kwenda juu, na katika nchi nyingi zinazoruhusu uwindaji, Tanzania ikiwemo, .375 ndiyo kaliba ya chini inayokubaliwa kwa wanyama hatari.

UZITO PEKE YAKE HAUTOSHI

Wengi hudhani kuwa kadiri risasi ilivyo nene ndivyo inavyopenya zaidi. Si kweli. Kinachoamua upenyaji ni uzito ukilinganishwa na unene. Mshale mwembamba na mrefu hupenya kuliko jiwe lenye uzito uleule, kwa sababu uzito wote wa mshale husukuma nyuma ya ncha ndogo.

Wataalamu hukokotoa uwiano huo hivi: uzito wa kichwa kwa ratili hugawanywa kwa upana wake wa inchi uliozidishwa kwa wenyewe. Kichwa cha greini 300 cha kaliba .375 hupata 0.305. Kile cha greini 400 cha .416 hupata 0.330, na cha greini 500 cha .458 hupata 0.341. Kwa uzoefu wa karne nzima, kichwa cha kumpiga ndovu, kifaru au nyati kinapaswa kuwa na uwiano usiopungua 0.300.

Uwiano huu ndio unaoeleza fumbo la Walter Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye hesabu yake ya ndovu ilipita 1,000. Wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, yenye kichwa cha greini 173 tu. Ukifanya hesabu, uwiano wa kichwa hicho ni 0.306, karibu sawa na ule wa .375. Kilikuwa kirefu, kigumu, na hakikuchanua.

Hata hivyo, asitokee wa kumwiga. Bell alipasua mafuvu ya ndovu ili ajue hasa ubongo ulipo, naye alikuwa mlengaji asiye na kifani. Kwa kaliba ndogo, kosa la upana wa kiganja huwa ni jeraha tu. Kaliba kubwa haisamehi kila kosa, lakini humpa mwindaji muda wa kupiga ya pili.

Roosevelt naye anatupa mfano wa upande wa pili. Miongoni mwa bunduki zake za 1909 ilikuwemo Winchester ya kaliba .405, ambayo aliisifu sana kwa simba. Kichwa chake cha greini 300 kilikuwa kizito kiasi, lakini kwa kuwa kilikuwa kinene, uwiano wake ulikuwa 0.254 tu. Kwa simba, ambaye ngozi na mifupa yake si minene, kilitosha. Kwa wanyama wazito zaidi alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland ya .500/450, aliyozawadiwa na marafiki zake wa Uingereza. Alielewa kuwa silaha moja haiwezi kufanya kazi zote.

KASI: ZAIDI SI BORA

Kasi huongeza nguvu, lakini huongeza pia hatari. Kichwa cha risasi kinachokwenda kasi mno kinaweza kupasuka au kupinda kinapogonga mfupa, na upenyaji wake ukaishia hapo. Kwa vichwa vizito, kasi ya kati ya mita 650 na 750 kwa sekunde imethibitika kuwa ya kufaa.

Orodha ifuatayo inaonyesha kaliba mashuhuri zaidi zilizotumika Afrika Mashariki, na kasi ya kukadiria ya kila moja:

.375 Holland & Holland (1912): greini 300, mita 770 kwa sekunde. Ndiyo inayotumika kwa kazi nyingi zaidi, kuanzia swala hadi nyati.

.404 Jeffery: greini 400, mita 650. Ilipendwa na idara za wanyamapori za kikoloni kwa kuwa haikuwa ghali wala haikumsumbua mpigaji.

.416 Rigby (1911): greini 400, mita 730. Ganda lake ni kubwa makusudi ili shinikizo la ndani liwe dogo.

.470 Nitro Express: greini 500, mita 655. Ndiyo kaliba maarufu kuliko zote kwa bunduki za mitutu miwili.

.458 Winchester Magnum (1956): greini 500, mita 620 hadi 650.

.458 Lott (1971): greini 500, mita 700.

.505 Gibbs (1911): greini 525, mita 700.

.600 Nitro Express: greini 900, mita 595. Kichwa chake kina gramu 58, na ni wachache wanaoweza kuihimili.

Msomaji atashangaa kuona namba .450, .465, .470 na .475 zikifuatana hivyo. Sababu yake ni ya kisiasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walipiga marufuku kaliba .450 nchini India na Sudan, wakihofia kuwa risasi zake zingewafaa waasi waliokuwa na bunduki za zamani za jeshi. Viwanda vikabuni kaliba zilizokaribiana nayo ili kuikwepa marufuku hiyo.

KIGUMU AU LAINI

Vichwa vya risasi ni vya aina mbili kuu. Kichwa laini kina ncha ya madini ya risasi iliyo wazi, na kinapoingia mwilini huchanua kama uyoga na kukata jeraha pana. Kichwa kigumu kimefunikwa chote kwa chuma au shaba, au kimechongwa kwa shaba tupu, na hakichanui. Kazi yake ni kupenya moja kwa moja.

Kwa ndovu na kifaru, kigumu ndicho kinachofaa. Ubongo wa ndovu umefichwa nyuma ya mfupa mnene wenye matundu kama sega la nyuki, na kichwa laini huishia humo kabla ya kufika. Kwa kiboko anayepigwa kichwani, kigumu pia hutumika.

Kwa simba na chui, hali ni kinyume. Kigumu hupita upande wa pili kikiacha tundu jembamba, na mnyama akabaki na nguvu za kutosha kumfikia mpigaji. Hapo kinahitajika kichwa laini kinachochanua upesi.

Nyati ndiye anayeleta ubishi. Desturi ya wengi ni risasi ya kwanza kuwa laini ya muundo imara, na zinazofuata kuwa ngumu, kwa sababu baada ya ile ya kwanza nyati huwa anakimbia akionyesha makalio, au anakuja. Katika kundi, hata hivyo, kigumu kina hatari yake: kinaweza kumpita nyati aliyelengwa na kumjeruhi aliye nyuma yake.

Umbo la ncha lina maana pia. Zamani vichwa vigumu vilikuwa na ncha ya mviringo, navyo vilipogonga mfupa viliweza kupinda njia. Majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kuwa ncha bapa huenda moja kwa moja zaidi, na viwanda vingi sasa vinaitumia.

Vichwa vya shaba tupu vina faida ya kutovunjika, lakini shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi. Ili kufikia uzito uleule, kichwa lazima kiwe kirefu zaidi. Urefu huo hupunguza nafasi ya baruti ndani ya ganda, na huhitaji mifuo ya ndani ya mtutu izunguke kwa upesi zaidi ili kichwa kisiyumbe hewani. Mwenye bunduki ya zamani asichukue vichwa hivyo bila kumuuliza fundi, kwa kuwa ugumu wake unaweza kuiharibu mitutu myembamba ya miaka ile.

KUJAZA RISASI KWA MKONO

Katika nchi zinazoruhusu, wawindaji wengi wa kaliba kubwa hujaza risasi zao wenyewe. Sababu ya kwanza ni gharama: kiwanda hutengeneza risasi chache za aina hii, na bei yake ni kubwa. Ya pili ni upatikanaji, kwa kuwa baadhi ya kaliba za zamani hazitengenezwi tena kwa wingi. Ya tatu ni kulinganisha risasi na bunduki.

Sababu hii ya tatu ni muhimu hasa kwa bunduki za mitutu miwili. Mitutu hiyo haikuunganishwa sambamba. Fundi aliielekeza ili vichwa viwili vya uzito na kasi maalumu vigonge mahali pamoja kwa umbali fulani. Ukibadilisha uzito au kasi, mtutu wa kulia na wa kushoto hupiga mahali tofauti. Mara nyingi uzito na kasi vilivyokusudiwa vimechorwa kwenye bunduki yenyewe, na anayejaza hutakiwa kuvifuata.

Joto ni adui wa pili. Risasi za mwanzo za bunduki hizi zilijazwa kodaiti, baruti ya Kiingereza iliyovumbuliwa 1889. Kodaiti ilipopata joto, shinikizo lake lilipanda. Risasi iliyofanya kazi vizuri katika baridi ya Uingereza iliweza kukwama chembani katika jua la Kibwezi, ganda likakataa kutoka huku mnyama akikaribia. Ndiyo maana Waingereza walipendelea maganda makubwa yenye shinikizo dogo. Baruti za kisasa hazibadiliki sana kwa joto, lakini zinatofautiana, na mwenye busara hujaribu risasi zake katika hali ya hewa atakayowindia.

Kisa cha .458 Winchester ni funzo kwa kila anayejaza. Risasi hii ilipotoka 1956 ilikuwa na bei nafuu, na ilisambaa upesi Afrika nzima. Lakini ganda lake lilikuwa fupi. Ili kutia baruti ya kutosha nyuma ya kichwa cha greini 500, ilibidi ishindiliwe. Baada ya kukaa muda mrefu, baadhi ya risasi ziligandamana baruti, zikawaka kwa shida na kutoa kasi ndogo kuliko iliyotangazwa. Kwa macho risasi hizo zilikuwa nzima, na kasoro yake ilijulikana tu pale mnyama aliposimama wima baada ya kupigwa. Viwanda vilibadilisha baruti baadaye, lakini sifa yake ilikwisha kuchafuka.

Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka wa 1959. Miaka kadhaa baadaye alibuni .458 Lott, ambayo ina ganda refu zaidi lenye nafasi ya baruti, na bunduki yake huweza kupiga pia risasi za .458 Winchester.

KANUNI ZA USALAMA

Wajazaji wazoefu huzingatia kanuni zifuatazo:

Hufuata kitabu cha kiwanda kilichotengeneza kichwa au baruti yenyewe, na huanza na kiasi kilicho chini ya kile cha juu kwa karibu asilimia 10, kisha huongeza kidogo kidogo.

Hawachanganyi baruti mbili, na mezani huwa na mkebe mmoja tu.

Hupima kila kiasi kwa mizani, kisha hutazama ndani ya kila ganda kabla ya kutia kichwa. Ganda lisilo na baruti ni hatari sawa na lililojazwa mara mbili, kwa kuwa fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu. Risasi inayofuata huupasua.

Hutumia fataki zenye nguvu zaidi kwa maganda makubwa, na huhakikisha kuwa fataki haikutokeza nje ya kitako.

Hubana mdomo wa ganda kwenye mfereji mdogo unaozunguka kichwa. Bunduki kubwa hupiga teke kwa nguvu, na risasi zilizobaki kwenye magazini zinaweza kusukumwa vichwa ndani au nje zikashindwa kuingia chembani.

Hutazama dalili za shinikizo: fataki iliyobapaa, komeo linalokataa kufunguka, au mstari unaong'aa juu ya kitako cha ganda. Dalili moja inatosha kusimamisha kazi.

La mwisho, na pengine kubwa kuliko yote, ni kupitisha kila risasi katika chemba ya bunduki itakayotumika, kabla ya kwenda porini. Risasi isiyoingia nyumbani haitaingia mbele ya nyati.

John Henry Patterson, mhandisi aliyewaua simba wa Tsavo mnamo Desemba 1898, alikuwa amepata nafasi mapema zaidi ya kumuua mmoja wao. Siku hiyo alikuwa ameazima bunduki nzito kuliko yake, bila kuijaribu. Alipofyatua, ikakataa kulia. Simba alitoroka.

BEGA LA MPIGAJI

Bunduki inayomtia hofu mwenyewe haifai. Nguvu ya .458 Lott huzidi ile ya .375 kwa zaidi ya theluthi, na teke lake huongezeka kwa kiwango kikubwa zaidi. Mpigaji akishaanza kufumba macho kabla ya kuvuta kilindi cha bunduki, kaliba haimsaidii tena. Ndiyo sababu wawindaji wazee walimshauri mgeni atumie .375 anayoimudu, badala ya .470 anayoiogopa. Risasi ya greini 300 iliyopigwa pahali pake huua. Ya greini 500 iliyopigwa tumboni hujeruhi.

Ujuzi huu haukuletwa na wageni peke yao. Wakamba, pamoja na Wawaata wa Tsavo, walikuwa wakiwinda wanyama wakubwa kwa upinde karne nyingi kabla ya baruti kufika. Sumu yao ilitoka katika mti wa msunguti, nayo husimamisha moyo ikiingia kwenye damu. Mshale ulikuwa mwepesi, kwa hivyo mwindaji alilazimika kukaribia, kujua mwili wa mnyama, na kutunza sumu ikiwa mbichi. Silaha ilibadilika baadaye, lakini masharti hayo matatu yalibaki: ukaribu, ujuzi wa mwili, na risasi ambayo mwenyewe anaiamini.

MNYAMA AKIJERUHIWA

Desturi ya wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, ambao chama chao kiliundwa Nairobi 1934 na kuvunjwa baada ya marufuku ya 1977, ilikuwa kali juu ya jambo hili. Aliyemjeruhi mnyama hatari alipaswa kumfuata hadi mwisho, hata ikimlazimu kuingia vichakani kwa magoti. Kumwacha kulihesabiwa aibu isiyofutika, kwa sababu gharama yake ingelipwa na mwanakijiji asiye na habari.

Wajibu huo leo unawahusu maafisa wa KWS, nao wananchi wana wajibu wao. Wakazi wa Makueni na Kitui wanaoishi karibu na Tsavo na vilima vya Chyulu wanajua vyema ndovu anavyoingia shambani usiku. Anayeamua kumfukuza kwa mshale au kwa bunduki ya kienyeji hamalizi tatizo, bali humpa jirani yake ndovu mwenye jeraha na hasira. Lililo sahihi ni kutoa habari kwa kituo cha KWS kilicho karibu au kwa chifu, kukaa mbali, na kuwazuia watoto wasiende kutazama.

Sheria ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama anayetambuliwa na sheria hiyo, Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Anayedai hutakiwa kuripoti mapema na kupata hati za hospitali. Lakini sheria hiyo haimfidii aliyejeruhiwa akiwa katika shughuli iliyo kinyume cha sheria, ujangili ukiwemo.

Tena, zipo nyumba ambamo bado kuna risasi chache za kale ndani ya sanduku la babu aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori au mbeba bunduki wa Wazungu. Risasi hizo zisichezewe wala zisijaribiwe. Baruti iliyokaa miaka 50 haitabiriki, na kuimiliki bila cheti ni kosa. Zipelekwe habari zake kwa kituo cha polisi, ili maafisa waje kuzichukua wenyewe.

Vifaru 1,000 wa Makueni hawatarudi, na mashamba yaliyofunguliwa kwa vifo vyao sasa yana miembe, shule na makanisa. Baadhi ya waliobaki wako Tsavo Magharibi, wakilindwa na watu wenye bunduki. Kwa walinzi hao nao, kama ilivyokuwa kwa wawindaji wa zamani, kuichagua risasi kwa makini ni sehemu ya kazi, kwa kuwa iliyokwisha kutoka mtutuni hairudi.